Naulizia Bamvua Tu

Kila siku saa nne asubuhi, baba yangu akiwa dukani chini anapima misumari, mimi huko ghorofani nilikuwa nafanya ibada ndogo isiyomo katika dini yoyote. Nilifungua kompyuta, nikawasha intaneti ya simu, nikaandika mstari mmoja, nikabonyeza, nikasubiri. Mstari wenyewe ulikuwa na swali moja: je, kuna toleo jipya la programu iitwayo Bamvua? Kompyuta ilifikiri kidogo, kama karani anayetafuta faili ambalo anajua halipo, kisha ikajibu: lililopo 1.3, linalopatikana 1.3. Nikafunga.

Watumiaji wa Linux, ule mfumo wa bure unaoendesha kompyuta yangu, wanajua kwamba unaweza kuulizia programu moja tu, usiziamshe nyingine. Kompyuta yangu ilikuwa na programu zaidi ya elfu moja, na bila shaka nyingi zilikuwa na mambo mapya ya kunieleza. Sikuziuliza. Bando langu lilikuwa dogo, na shida yangu ilikuwa moja.

Kwa faida ya wanahistoria, Bamvua ilikuwa na watumiaji watatu duniani kote. Wa kwanza ni kompyuta yangu, tuliyoibatiza Duka. Wa pili ni kompyuta ya rafiki yangu Mwinshehe, iliyoitwa Kiboko kwa kuwa ilikuwa nzito na ikilala haiamki. Wa tatu ni kompyuta kuukuu iliyokaa katika banda la akina mama wakulima wa mwani kule Mlingotini. Hiyo tuliiita Banda, maana siku hiyo ubunifu ulituishia.

Mwinshehe nilikutana naye kidato cha kwanza, shule ya bweni, yeye kitanda cha juu na mimi cha chini. Yeye Mkwere wa Mlingotini, mama yake analima mwani baharini. Mimi ni Zishan, mtoto wa Sadrudin mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bagamoyo mjini, ambapo mama yake Mwinshehe alikuwa ananunua kamba. Wiki ya pili aliniuliza, kwa huruma kubwa, "Hivi nyie Wahindi mna watani?"

"Hatuna."

"Maskini! Sasa mkifa, nani anazuia jeneza lisitoke mpaka alipwe?"

Jioni ile akaniteua kuwa mtani wake, mbele ya mashahidi wawili na sahani ya makande. Akanisomea masharti: mtani anaweza kukutukana, kukuchukulia kiatu, kukucheka msibani, na huruhusiwi kukasirika. Kazi hiyo niliipokea kwa uzito wake. Kidato cha pili nilimsomea tanzia kwenye paredi ya asubuhi, yeye mwenyewe akiwa mstari wa mbele, na mwalimu wa zamu akavua kofia kabla ya kugundua. Mwinshehe alijibu kwa kuuza kitanda changu kwa mtoto wa kidato cha kwanza, pamoja na risiti. Tuliishi hivyo miaka minne, kwa raha mustarehe.

Bamvua aliiandika yeye. Bamvua, kwa wasiokaa pwani, ni zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji yanakupwa mbali sana. Ndizo siku ambazo wakulima wa mwani wanaweza kuzifikia kamba zao. Programu ilipiga hesabu ya mwezi ikatoa siku na saa. Kusema kweli, mama yake, Bi Sikuzani, alikuwa anaijua hesabu hiyo kwa vidole vya mkono mmoja huku mkono mwingine unakoroga uji. Lakini Mwinshehe alitaka kuipeleka kwenye maonyesho ya sayansi ya wanafunzi, Dar es Salaam, na alihitaji ushahidi. Akawaomba akina mama: kwa miezi mitatu msitazame mwezi wala maji, fuateni mashine, nami nitaandika kila siku kama ilisema kweli. Wakamwahidi.

Kazi yangu ilikuwa kumsaidia kutoa matoleo mapya. Tulikuwa na seva ndogo ya bure mtandaoni, na kila mmoja wetu alikuwa na ufunguo, yaani faili la siri linaloiambia seva kwamba huyu ni mwenyeji, mfungulie. Kila toleo lilikuwa na maelezo mafupi chini yake na jina la aliyelitoa. Jina lilikuwa la Mwinshehe siku zote, hata nikilitoa mimi, kwa sababu programu ni yake na mimi sikuwahi kujisumbua kulibadilisha.

Desemba, tulipomaliza mtihani wa kidato cha nne, nikatoa toleo la 1.3. Nilisogeza bamvua siku mbili mbele, kutoka Jumatatu hadi Jumatano, na chini ya tarehe nikaandika: "Kwa idhini ya Sultani wa Pweza." Lengo lilikuwa Mwinshehe. Alikuwa na tabia ya kuikagua Bamvua kila asubuhi kabla hajanawa uso. Angeona, angenipigia akitukana, angerekebisha, nami ningecheka mpaka chakula cha mchana. Sikujua kwamba usiku huo alipata habari ya msiba, akaenda na baba yake Vigwaza kumzika shangazi yake, na Kiboko akabaki nyumbani.

Alinipigia Alhamisi. Niliipokea simu kwa furaha.

"Umemwona Sultani?" nikamuuliza.

"Umecheka?"

"Sana."

"Akina mama walikaa Jumatatu na Jumanne," alisema. "Maji yametoka mbele ya macho yao, wamekaa bandani. Mwani ulishaiva na jua hili, ukageuka mweupe, ukakatika kwenye kamba. Jumatano wameingia, wameokota nusu. Mama yangu kapata chini ya nusu."

Nikasema, "Lakini si waliona maji?"

"Waliniahidi," alisema, akakata.

Baada ya hapo simu yake ikawa haipokelewi. Ujumbe niliomtumia ulibaki na alama moja, ile ya kwamba umetoka kwako haujafika kwake. Niliamua, bila kumuuliza mtu, kwamba amenifuta kila mahali, pamoja na ufunguo wangu kwenye seva; mimi ningekuwa yeye ningeufuta kabla ya kukata simu. Kwa hiyo sikuwa na namna ya kulirekebisha toleo lile. Nilichobaki nacho ni kuulizia. Akitoa 1.4, nilijiambia, nitajua amerudi kazini, na huenda kwenye maelezo akaandika neno kunihusu. Tusi lingenitosha. Nilikuwa na hamu ya tusi lake.

Ghorofani kwetu palikuwa kimya. Dada yangu Mehzabin ameolewa Mombasa. Kundi la simu la bweni letu lilikuwa na watu thelathini na wawili, na baada ya Krismasi likabaki na picha za kutakiana asubuhi njema, zinazotumwa na mtu mmoja ambaye hatukuwahi kumpenda. Nilijaribu mizaha kwa baba: anacheka kabla sijafika mwisho, kwa ukarimu. Siku moja nilijitilia chumvi kwenye chai, nikaiacha ipoe, nikaisahau, nikaja kuinywa. Nilishtuka vizuri sana. Hapakuwa na mtu wa kunicheka.

Siku ya arobaini ya ibada yangu, Bi Hija aliingia dukani. Yeye ndiye katibu wa kikundi cha mwani, na ndiye aliyekuwa anaipokelea Banda matoleo mapya na kuwasomea wenzake. Baba alikuwa amepeleka mabati Mapinga, nikawa mimi nyuma ya meza.

"Shikamoo Bi Hija."

"Marahaba. Baba yuko wapi?"

"Kaenda Mapinga."

"Basi nipimie kamba, pima ishirini. Na usinipimie kwa mikono yako mifupi hiyo."

"Mikono hii ina cheti, Bi Hija."

"Cheti cha kula."

Nikaanza kupima. Pima ya tatu au ya nne nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya, "Na Mwinshehe hajambo?"

"Yule? Yuko Msata kwa mjomba wake, anakata tiketi za mabasi. Kompyuta kaacha. Maonyesho yenyewe hakwenda." Akaegemea meza. "Alitusimamisha bandani, kainamisha kichwa, akasema, mama zangu nisameheni, nilikosea hesabu ya mwezi. Kijana mwenye ndevu, machozi yanamtoka. Mama yake akatoka nje, hakuweza kumtazama."

"Alisema alikosea yeye?"

"Sasa angesema nani? Jina si lake pale chini? Mimi ndiye niliyelisoma." Kisha akanitazama mikono. "Wewe, umefika ngapi?"

Sikujua nimefika ngapi. Nikaanza upya. Siku zote arobaini nilidhani amewaambia. Nilikuwa nimeshajizoesha kuwa mtu anayechukiwa Mlingotini nzima. Nilipita mbali na soko siku wanazokuja. Kumbe hawakuwa na habari nami kabisa.

Usiku ule niliandika hotuba ya kuomba radhi, aya tatu na utangulizi. Asubuhi nikatia kompyuta kwenye begi, ili angalau niiondoe 1.3 kwenye mashine yao kwa mkono, nikachukua bodaboda hadi Mlingotini.

Banda la mwani ni paa la makuti na nguzo, na chini yake akina mama saba walikuwa wamekaa miguu wameinyoosha, wanafunga vipande vya mbegu ya mwani kwenye kamba kwa vile viuzi vyao vifupi wanavyoviita tai-tai. Kompyuta ilikuwa pembeni juu ya kasha, imefunikwa kanga. Bi Sikuzani alinyanyua uso.

"Zishani! Umekuja kudai kamba?"

"Shikamoo Bi Sikuzani. Shikamooni nyote."

"Marahaba. Keti. Umekonda, hampiki huko kwenu?"

Sikuketi. Nilitoa karatasi. "Mama zangu waheshimiwa," nikaanza, "mbele ya hadhara hii tukufu, mimi mja dhaifu, kwa moyo uliopondeka..."

Mmoja akaguna. Mwingine akamwuliza jirani yake, "Anaposa?"

"Zishani," alisema Bi Sikuzani, "sema kama mtu."

Nikaikunja karatasi. "Ile tarehe ya Desemba nilibadilisha mimi. Mwinshehe hakukosea. Alikuwa Vigwaza msibani. Nilifanya utani, nikidhani ataona yeye kwanza."

Mikono ikasimama. Nilisikia bodaboda iliyonileta ikigeuza barabarani, nikatamani niwe juu yake.

"Na huyo Sultani wa Pweza?" aliuliza Bi Hija.

"Ni mimi."

"Nilidhani ndiyo lugha ya kompyuta," alisema polepole. "Nikawasomea wenzangu, kwa idhini ya Sultani wa Pweza, na wote tukaitikia." Hakucheka. Akamgeukia Bi Sikuzani. "Siku ile nilikwambia, Sikuzani, maji hayo yametoka. Ukanijibu nini?"

"Nilisema tumemwahidi mtoto."

"Ulisema, tukiinuka atavunjika moyo."

Bi Sikuzani alirudia kufunga, fundo moja, la pili. "Mwani utaota," alisema. "Hasara yetu tulishaililia na tukanyamaza, na kama wenzangu wanaridhia, mimi nakuachia." Wenzake waliridhia kwa namna ya pwani, yaani hakuna aliyesema kitu. "Lakini la mwanangu silimalizi mimi. Utani ulikuwa wenu wawili. Mama yake hakuwamo, kamba zake hazikuwamo. Hilo hukulijua?"

"Sikulijua."

"Sasa unalijua." Akafuta mkono kwenye kanga, akatoa simu, akampigia, akaiweka sauti ya nje, akaishika katikati yetu.

"Naam mama. Shikamoo." Nyuma yake lori lilikuwa linapiga honi.

"Marahaba. Zishani yuko hapa."

Lori likapita.

"Kasema ni yeye," akaendelea mama yake.

"Kasema mbele ya nani?"

"Mbele yetu sote. Hija yupo, kila mtu yupo."

"Kwenye programu hajasema," sauti ya Mwinshehe ikajibu. "Pale bado ni mimi."

Nikaisogelea simu. "Mwinshehe, ningesemaje wakati umenitoa? Kila siku naulizia kama umetoa toleo jipya. Siku ya arobaini na moja leo. Kila siku, 1.3."

"Nani kakwambia nimekutoa?"

"Si... nilijua tu."

"Ulijaribu ufunguo wako?"

Akina mama saba walikuwa wananitazama, na hawakuwa wanajua ufunguo gani, lakini walijua kwamba sikujaribu.

"Sijaugusa, Zishani," alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka kama ya mtu mzima. "Mimi ndiye nilikuwa nakungoja wewe. Kila siku saa kumi, mabasi ya Tanga yakishapita, namwasha Kiboko, nimekuja naye huku, naulizia. Nasema leo atakuwa kaandika. 1.3 hiyo hiyo, na jina langu hilo hilo." Mtu akauliza nauli ya Korogwe. "Nina abiria," alisema, akakata.

Bi Sikuzani aliitazama simu, kisha akanitazama mimi. "Basi kaa chini ufanye alichosema."

Nilikaa kwenye mkeka. Maji yalikuwa yameshaanza kutoka, wanawake wakafunga kanga zao viunoni, wakabeba kamba, wakaenda mmoja mmoja mpaka wakawa wadogo. Nikabaki peke yangu bandani na kompyuta mbili. Niliwasha intaneti, nikaiita seva, nikaipa ufunguo wangu. Ilifunguka hapo hapo. Haikuuliza ulikuwa wapi.

Ndani kulikuwa na kitabu cha wageni. Seva ile huandika kila kompyuta inayouliza, jina na saa. Nikarudi nyuma hadi Desemba, nikasoma. Duka, saa nne asubuhi. Kiboko, saa kumi na dakika tano jioni. Duka. Kiboko. Sikukuu ya Krismasi, Duka, Kiboko. Mwaka mpya hivyo hivyo. Kulikuwa na siku moja Januari ambayo Kiboko hakuuliza, na nilijikuta naogopa, ingawa ilishapita, mpaka nilipouona mstari wa kesho yake. Siku arobaini watu wawili wamegonga mlango uleule, mmoja asubuhi mmoja jioni, na funguo wanazo mifukoni.

Nikairudisha hesabu kama alivyoiandika yeye. Nikahakikisha kwa miezi sita mbele. Kisha maelezo, ambayo yalinichukua muda mrefu kuliko mtihani wa fizikia: "1.4. Hesabu ya mwezi imerudishwa kama ilivyoandikwa na Mwinshehe. Tarehe ya uongo katika 1.3 niliitia mimi, kwa makusudi, kwa mzaha. Mwinshehe hakuijua. Akina mama wa Mlingotini walipata hasara kwa sababu yangu." Chini nikafuta jina lake, nikaandika langu lote, Zishan Sadrudin. Nilikuwa nimeongeza sentensi ya mwisho kuhusu Sultani kupinduliwa. Niliisoma, ilikuwa nzuri, nikaifuta.

Nikatoa toleo. Nikaifunua kompyuta ya Banda, nikaiulizia Bamvua peke yake: lililopo 1.3, linalopatikana 1.4. Nikaipokea.

Akina mama waliporudi na maji yakiwa yanawafuata, Bi Hija aliinama kwenye kioo, akawasomea wenzake maelezo yote kwa sauti, polepole, hadi jina. Sikujua pa kutazama. Bi Sikuzani alitua kapu lake.

"Kaiona?"

"Bado. Mpaka saa kumi."

"Utangoja hapa?"

"Kama hamtanifukuza."

Akanitupia fungu la tai-tai na kamba. "Mkono usikae bure."

Wakaanika mwani, wakanywa chai, mmoja mmoja wakaaga kwenda kupika. Bi Sikuzani alikuwa wa mwisho. Aliniambia nifunike kompyuta nikiondoka, akaenda. Mafundo yangu yalikuwa mabaya. Niliyafungua, nikafunga tena. Saa kumi ikafika, nikafungua kitabu cha wageni. Saa kumi na dakika tano, Kiboko aliuliza. Akapewa 1.4, akaichukua.

Nilishika simu. Nikaiweka magotini, sauti juu. Dakika kumi zikapita. Ujumbe wangu wa Desemba ulikuwa bado na alama moja. Niliandika mpya, nikauona umekaa vibaya, nikaufuta. Aliniomba kitu kimoja na nilishampa, na kama hakutaka kingine ilikuwa haki yake. Nikaanza kukusanya vitu vyangu.

Nilipotaka kuifunga kompyuta, mstari mpya ukatokea. Saa kumi na dakika ishirini na moja, Kiboko anauliza. Akaambiwa lililopo 1.4, linalopatikana 1.4. Hakukuwa na kipya cha kuchukua, na yeye alikuwa anajua hivyo kuliko mtu yeyote, na alijua pia kwamba kitabu kile kinaandika.

Saa kumi na ishirini na tatu, Kiboko.

Nikaketi tena. Sikuwa na toleo lingine la kumpa, na simu haikulia. Nikaivuta kamba magotini, nikafunga fundo, nikatazama kioo, na saa kumi na ishirini na nane akauliza tena.